Namba Moja Yuko Nyumbani

Jumanne. Mvua inanyesha tangu asubuhi, duka limeona wateja watatu tu, na mimi nina hasira tangu Jumamosi.

Nimemkasirikia Mwenyekiti. Nimelikasirikia grupu la klabu. Nimezikasirikia hata tisheti, na nitafika kwa hizo tisheti.

Mimi ni katibu wa Soli Ngumu, klabu yetu ya kupanda milima hapa Nakuru. Siku za kazi nauza mbegu na dawa za mifugo. Jumamosi mbili kila mwezi navaa buti na kwenda kuteseka kwa hiari yangu: Menengai, Longonot, Eburru, au msitu wa Mau barabara ikipitika. Na kwa kuwa niliropoka siku moja kwamba nina blogu, nikabebeshwa kazi ya kuandika historia ya klabu, iwe kijitabu cha sherehe ya mwezi ujao. Hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi. Walipiga makofi tu, wakaendelea kunywa chai.

Historia yenyewe si ndefu, lakini jaribu kuiandika wakati kila mtu anaikumbuka kivyake. Ilianza wakati wa mgomo wa walimu. Mwalimu Wanjohi na wenzake wanne walichoka kukaa nyumbani wakiangaliwa kwa jicho baya na wake zao, wakapanda Menengai kwa miguu kutoka mjini. Mbwa wa Mwalimu akawafuata. Wakati wa kurudi, walipofika ukingoni, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Mwalimu akawaita kwa namba kama watoto wa darasa la pili. Moja alikuwa yeye mwenyewe. Mbili, tatu, nne, tano wakaitikia. Halafu mbwa akabweka. Basi mbwa akawa namba sita, na mpaka leo hakuna binadamu aliyewahi kupewa namba hiyo.

Desturi yetu ilitoka hapo. Ukijiunga unapewa namba, na ni yako mpaka kufa, na hata baada ya kufa. Matembezi yakiisha, tukishafika langoni, hakuna mtu kuondoka kabla namba zote hazijaitwa, za waliokuja na za wasiokuja. Kama upo unasema, "Niko." Kama hukuja, kuna mtu wa kukujibia, "Yuko nyumbani." Namba sita yuko nyumbani. Namba nne, aliyefundisha na Mwalimu miaka mingi na tukamzika kule Molo, naye yuko nyumbani, na huyo tunamjibia sote kwa pamoja. Wageni hucheka tukifika kwa mbwa. Kwa namba nne hawacheki.

Sharti ni moja tu, na aliliweka Mwalimu: usiseme mtu yuko nyumbani kama hujaongea naye siku hiyohiyo.

Nimeandika hayo yote. Nimeandika pia jinsi tulivyopanda miche kule ukingoni msimu baada ya msimu, mbuzi wakala mingi, tukapanda tena. Nimeandika ile Jumamosi tuliyokuwa tunaenda Longonot, ziwa likawa limefurika na kuingia nyumba za mtaa wa Kihoto, basi tukaacha mlima tukashinda tukibeba magodoro na makabati ya watu, maji yakiwa mapajani. Mpaka leo nadhani hiyo ndiyo siku tuliyofanya kazi ya maana kuliko zote. Mwenyekiti anataka ifupishwe ili picha za tisheti mpya zipate nafasi.

Tisheti ni za kijani. Mgongoni zimeandikwa kwa herufi kubwa: HATUACHI MTU.

Na mimi, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeanza historia kwa sentensi hii: "Tangu ianzishwe, Soli Ngumu haijawahi kuacha mtu mlimani." Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu dukani.

Jumamosi tukamwacha Mwalimu ndani ya kreta, lile shimo kubwa la Menengai.

Ilikuwa hivi. Ijumaa jioni Mwalimu aliandika kwenye grupu kwamba goti linamsumbua na huenda asije. Jumamosi tukaondoka langoni saa mbili asubuhi bila yeye. Kumbe asubuhi goti lilimhurumia, akachukua boda, akafika tukiwa tumeshateremka. Askari wa langoni anamjua miaka yote, hakumwandikisha hata jina. Akatufuata polepole. Nusu ya njia goti likakataa kabisa, basi akakaa chini ya lile jiwe kubwa lenye alama ya rangi nyeupe. Alama hiyo aliipaka yeye mwenyewe. Alijua tutarudi kwa njia hiyo, kwa maana hatujawahi kurudi kwa nyingine.

Jumamosi tulirudi kwa nyingine. Mwenyekiti alitaka tupigwe picha na tisheti mpya pale mvuke unapotoka ardhini, na kutoka huko ikawa rahisi kupanda kwa njia ya upande wa pili, ambako hakuna lango wala askari. Mvua ikatukuta katikati ya kilima. Tulifika juu tumelowa kama matambara, kila mtu amejifunika koti la mvua mpaka usoni, watu arobaini na kitu wakitaka jambo moja tu, kwenda nyumbani.

Anayeita namba ni Kiprono. Anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria, na siku hiyo alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alifungua kitabu cha namba chini ya koti lake ili kisilowe, akaita, "Namba moja!"

Halafu mtu akajibu, "Yuko nyumbani."

Kiprono akauliza, "Umeongea na yeye leo?"

"Kiprono, si unaona venye tunanyeshewa? Aliandika kwa grupu jana goti inamuuma. Wewe endelea na mbili, tafadhali."

Kiprono akaendelea na mbili.

Mwalimu alikaa chini ya jiwe tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Alisikia tukiimba huku tunapanda upande ule mwingine. Alipiga filimbi mpaka pumzi ikamwishia, lakini mvua ilikuwa nyingi na sisi tulikuwa na makelele. Aliyemkuta ni mama mmoja aliyekuwa akitafuta mbuzi wake kwenye vichaka vya leleshwa. Alimpa bega, wakapanda wakipumzika kila hatua kumi. Binti wa Mwalimu alipompigia Mwenyekiti simu, wengi wetu tulikuwa tumeshaoga na kula.

Tangu hapo grupu halipumui. Kila mtu anauliza ni nani alijibu. Mmoja anasema ilikuwa sauti ya mwanamume. Mwingine anasema hakuna aliyejibu kabisa. Mwingine ametuma maombi marefu pamoja na picha ya machweo. Mwenyekiti naye aliandika hivi, nainukuu neno kwa neno kwa sababu nimeisoma mpaka macho yanauma: "Technically Mzee hakuwa kwa trip. Hakusaini. So hatujaacha mtu. Katibu, hiyo sentensi ya kwanza ibaki vile iko, tisheti zishaprintiwa."

Nilicheka peke yangu kwa hasira. Yaani mtu akae chini ya jiwe kwa muda wa saa sita, halafu tumwambie hakuwepo kwa sababu hakutia sahihi!

Ila kilichonimaliza si Mwenyekiti. Ni Kiprono. Jana aliandika mistari miwili tu: "Mimi ndio niliita namba, mnilaumu mimi. Nitarudisha kitabu Jumamosi." Watu wakamrukia. Mwenyekiti akamshukuru kwa uungwana wake na kuanza kutafuta mtu mwingine wa kuita namba. Na mimi nikamkasirikia Kiprono kuliko wote, kwa sababu anajua ni nani alimjibu na hasemi.

Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

Ni mimi.

Nimeandika maneno hayo mawili halafu nikaenda kupanga dawa za kupe ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Sasa nimerudi.

Ni mimi niliyesema yuko nyumbani. Ni mimi niliyemwambia Kiprono aendelee na mbili. Na kuna jambo jingine, ambalo hata Kiprono halijui. Wiki hiyo yote Mwalimu alinipigia simu kila siku kuhusu historia. Jumatatu ilikuwa koma. Jumanne, kama waanzilishi waandikwe watano au sita, maana mbwa naye alitembea. Jumatano, koma ileile. Alhamisi alinisomea aya nzima kwenye simu huku mteja wangu amesimama na ndama mgonjwa nje. Alikuwa amenipanda kichwani. Jumamosi, saa tatu kasoro, kabla hatujateremka mahali ambapo hakuna mtandao, simu ikalia mfukoni. Nikaona ni yeye. Nikasema moyoni, leo hapana, Mwalimu, leo koma zikae. Nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Alikuwa ananiambia tumsubiri.

Jioni ya mvua nilijua hiyo simu ilikuwepo. Kiprono aliponiuliza kama nimeongea naye, nilikumbuka. Ningetoa simu, nipige, ningeambiwa tu kwamba mteja hapatikani, na hilo peke yake lingetosha kunirudisha chini. Lakini nilikuwa nimelowa, nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimechoka na huyo mzee na mbwa wake. Kwa hiyo nikamjibia vile tunavyowajibia marehemu.

Jumapili tulikwenda kumwona Mwalimu nyumbani kwake, mtaa wa Rhonda, kundi zima, na matunda na uso wa huruma. Goti limevimba kama boga na anakohoa vibaya, kikohozi cha kifuani. Binti yake alituletea chai na hakukaa nasi. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitasema hapo, mbele yake. Mwenyekiti akaongea dakika ishirini kuhusu sherehe. Mwalimu akamsikiliza amefumba macho, halafu akanigeukia.

"Katibu, umeweka mbwa kwa kitabu?"

"Nimeweka, Mwalimu."

"Haya. Basi iko sawa."

Hakutaja simu. Simu yake ilikuwa hapo kando ya mto wa kitanda, na namba yangu imo ndani, saa tatu kasoro. Kiprono alikuwa ameketi karibu na mlango akiangalia buti zake. Nikamaliza chai yangu nikaondoka na wengine. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya. Niliondoka na wengine.

Siku tatu sasa nimewapigia watu kelele kichwani mwangu. Mwenyekiti na njia yake, tisheti na herufi zake kubwa, grupu na maombi yake. Mengi ya hayo ni kweli na bado nimeyakasirikia. Lakini Jumamosi Kiprono atarudisha kitabu ambacho amekibeba vizuri miaka yote, na mimi nitakuwa nimekaa pale na buti safi, mwandishi wa historia.

Hapana.

Nimefuta sentensi ya kwanza. Nimeandika hii badala yake: "Soli Ngumu imeacha mtu mlimani mara moja. Alikuwa namba moja. Aliyesema yuko nyumbani ni namba kumi na saba, ambaye hakushika simu yake asubuhi hiyo, na ndiye anayeandika historia hii." Sina hakika koma zote ziko mahali pake. Nimeituma kwenye grupu hivyo hivyo, saa kumi na moja na dakika tano, mvua ikipiga mabati mpaka sijisikii nikipumua.

Watu wanasoma. Naona alama zinabadilika moja baada ya nyingine. Mwenyekiti amesoma. Kiprono amesoma.

Simu inalia. Si grupu. Ni Mwalimu.

Pengine ni kuhusu koma. Pengine ni lile jambo ambalo Jumapili hakutaka kuniambia mbele ya watu, na nitalistahili lote. Inalia mara ya tatu.

Nashika.