Binti Uliyemgeuza

Yaya Solange,

Waliokuzika walisema umepumzika. Mimi sijapumzika. Nimekukasirikia, dada yangu, na hasira hii sina pengine pa kuipeleka.

Wewe ndiye uliyenisimulia ile hadithi ya kale ya Wagiriki, siku tulipokuwa tunafagia ukumbi wa parokia hapa mtaani Tshopo baada ya mazoezi ya tamthilia. Mwanamume maskini anamwambia mke wake mjamzito: akizaliwa msichana, auawe. Anazaliwa msichana. Mama anamdanganya mume, anamvika mtoto nguo za kiume. Mtoto anakua, anatafutiwa mchumba, na kabla ya ndoa mungu wa kike anamgeuza kuwa mwanamume kweli. Ulikuwa umesoma waandishi wengi walioirudia, karne baada ya karne. Kwa mmoja, malaika ndiye anayemgeuza. Kwa mwingine, wa siku hizi, hageuzwi mtu. Ukasema: "Bon, siku nikiandika yangu, sitamugeuza. Atabakia mutoto mwanamuke, na baba yake atamutazama hivyo hivyo."

Kwa neno hilo nilikuamini. Ndipo nikakuambia yangu.

Kwamba baba, mchuuzi wa samaki kule Yanonge, alimwambia mama akizaa msichana arudi kwao. Kwamba aliporudi kutoka safari, mama alimwonyesha kichwa changu tu kwenye kitenge, eti ndiye mtoto wa kiume aliyemtaka: "Njo huyu mwanaume wako. Usimufunue, iko baridi." Kwamba niliitwa Michel mpaka siku baba aliponipeleka kuoga mtoni. Hakupiga kelele. Alitoa vyombo vyetu nje, akavipanga vizuri mlangoni, na mama akanipakia kwenye pirogi, mtumbwi wa wavuvi, mpaka Kisangani. Hapa mjini mama hakumwambia mtu. Nilikuomba usimwambie mtu. Ulinishika mkono: "Béa, itabakia hapa."

Halafu ukaandika. Ukanizuia kuja kwenye mazoezi, eti nitaona siku yenyewe. Mimi, mjinga, nikamleta mama. Alivaa kitenge chake cha Pasaka. Tuliketi mbele kabisa.

Nadine, aliyeigiza mama, akatokea jukwaani na mtoto mikononi. Akasema: "Njo huyu mwanaume wako. Usimufunue, iko baridi."

Mama hakunitazama. Nilisikia tu pumzi yake. Nyuma yetu watu wa Yanonge wakaanza kunong'ona. Kisha mwisho: ngoma, taa, binti anageuka mvulana, baba anamkumbatia, ukumbi mzima unasimama kupiga makofi. Mama naye akasimama, akatoka nje.

Kesho yake ulikuja nyumbani. Mama hakutoka jikoni kukusalimia. Ukaniambia: "Béa, watu wanapenda kurudi kwao na furaha." Nikakuuliza, na mimi je? Ukasema tutaongea vizuri siku nyingine. Wiki ileile homa ikakuchukua. Sijui kama ungeomba radhi. Hilo ndilo linaloniamsha.

Baadaye mwanamke mmoja alimuuliza mama sokoni, mbele ya wateja: "Kumbe njo weye ule wa tamthilia?" Akaacha kwenda kuuza pondu, majani yake ya muhogo. Alikaa ndani, hasemi. Na mimi nililazimika kukulilia na kukuchukia kwa macho yaleyale, Yaya. Unajua inavyochosha?

Kikundi kikaniomba nishike nafasi yako. Nilikwenda mazoezini kukataa. Mama akajifunga kitenge, akanifuata bila kusema kwa nini, akaketi kwenye benchi. Nadine akaanza ile sehemu, analia kama msibani. Mama akanyanyuka.

"Hapana. Mi sikuliaka. Ningelia, angejua."

Akamchukua yule mtoto wa matambara, akamwonyesha Nadine jinsi ya kumkaza kifuani ili kitambaa kisiteleze. Akasema maneno yake mwenyewe, kwa sauti kavu, karibu ya dharau. Kisha akatugeukia sote: "Na kule mwisho, munamugeuza juu ya nini? Alikuwa na kasoro gani?"

Mimi nilitoka nje nikalia, kwa sababu swali lile lilikuwa langu tangu utotoni, na sikujua kwamba yeye ana jibu: hakuna.

Nafasi yako nimeishika. Ngoma na taa tumeziondoa. Jumapili tunavuka mto kwenda kucheza Lubunga. Binti atasimama na gauni lake mbele ya baba yake, na baba atapanga vyombo mlangoni, kama ilivyokuwa.

Nakuahidi, jina lako litatajwa, maana kazi uliianza wewe. Nitasema pia kwamba yule mama ni mama yangu. Nilimwomba ruhusa, akanipa. Wewe hukumwomba.

Lala salama, Yaya. Nilikupenda kuliko dada wa tumbo moja. Kukusamehe bado. Siku nikiweza, nitakuja kaburini nikuambie kwa mdomo.

Béa