Kanzira ya Nekesa

Jumamosi, Ziwani

Nilishuka nikiwa na nia ya kuing'oa tu, nimalize. Tangu tumzike binti yangu Nekesa miezi mitatu iliyopita, sijagusa ule mkebe wa rangi pale chini ya ngazi. Alipanda humo kanzira, mboga ya jamii ya haradali, siku niliyowafundisha watoto wa Sunday school mfano wa punje ya haradali. Mbegu alipewa na nyanyake.

Kwetu kanzira ikichanua unakata maua mara moja, la sivyo majani yanakuwa machungu. Hiyo ilikuwa kazi yake. Sasa hakuna wa kukata, na leo nimeikuta inanifika kiunoni, imejaa maganda ya mbegu. Na udongo umelowa!

"Ni mimi," jirani yangu Mama Zuhura akasema mlangoni pake. "Nikiosha mchele, maji naileteanga. Ningeachaje mmea wa mtoto ukauke?"

Nilikasirika. Nani alimtuma? Halafu nikakaa kwenye ngazi nikalia mpaka kamasi. Hakuniambia pole wala ni mapenzi ya Mungu. Alikaa tu kando yangu, beseni mapajani.

Mungu, bado nina hasira na wewe. Nilipomwambia pasta sitafundisha tena, sikuwa natania.

Lakini nimepukuchua maganda yote. Mbegu nimezifunga kwenye kitambaa cha kichwa cha Nekesa. Kesho nitarudi darasani, kila mtoto apate yake. Nikifika pale alipokuwa akikaa, sijui...

Imani hata ya punje moja sina, Bwana. Mbegu ninazo.