Jicho la Neema na Kopo la Mafuta

Kiplombe, Eldoret

Mama mpendwa,

Natumaini goti lako limetulia na unateremka mtoni bila fimbo. Yule kuku niliyemwacha akiatamia alitotoa vifaranga wangapi? Huku mvua haijakoma, ng'ombe wa Mzee mwenye shamba ninaowakamua wanatoa maziwa vizuri, na mwili wangu ni mzima. Najua umenikasirikia. Umepiga simu ya video mara nne umwone mjukuu wako, na mimi nakata, nasingizia mtandao. Mtandao ni mzuri, Mama. Sikutaka umwone Neema, na kwa simu ningelia nisimalize, ndiyo maana nimeandika.

Ilianza na mdomo wangu. Ulitoka vipele vya maji, vile tunavyosema ni homa inatoka, na sikujali. Kila asubuhi nikimaliza kukamua nilichovya kidole kwenye kopo la mafuta ya kukamulia, nikapaka mdomo, nikachovya tena, nikampaka Neema uso mzima mpaka ang'ae, kama ulivyotupaka sisi sote saba. Nilijisifu hata kwa majirani kwamba mtoto wangu hapauki.

Baada ya wiki, vipele vikamtoka kwenye kope za jicho moja. Nilikuwa na tyubu ndogo ya dawa ya virusi, ya kupaka mdomo, niliyonunua kwa duka la dawa kule mtaa wa Pioneer, na mdomo wangu ulikuwa umeanza kukauka. Basi nikajifanya daktari. Nilimpaka hiyo hiyo kwenye kope siku tatu, jicho likazidi kuwa jekundu, akawa analia akiona mwanga.

Ndipo tukampeleka hospitali. Daktari wa macho ni mama wa rika lako. Aliitazama tyubu, akautazama mdomo wangu.

"Mama Neema, hii ni ya ngozi, si ya macho," akasema. "Na hiyo mafuta mnachovya wote, huenda ndiyo ilimpelekea hiyo virusi. Ungemleta mapema."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenigombeza.

Sasa tuna dawa nyingine, ya kupaka ndani ya jicho mara tano kwa siku. Baba Neema anamshika mikono, mimi navuta kope. Anapiga kelele akiniita nimwokoe, na ni mimi ninayemuumiza. Daktari anasema kuna kidonda kwenye kioo cha jicho. Kinaweza kupona kikaisha, kinaweza kuacha doa. Nilimuuliza nifanye nini zaidi, akasema nipake na ningoje. Mama, sijui kungoja.

Kopo langu nimelitupa. Tafadhali tupa na lile lako lililo dirishani, watoto wa kaka wasichovye tena, kila mmoja awe na lake.

Nisalimie kaka yangu mwalimu na mke wake, na shangazi wa dukani, lakini usimweleze, atalitangaza kanisani.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini wewe siwezi kukuficha. Leo asubuhi, baada ya dawa, nilimfunika Neema lile jicho lisiloumwa kwa kiganja, nikamwonyesha kijiko cha uji, bila kusema neno. Hakunyoosha mkono. Labda alikuwa ameshiba.

Ni mimi binti yako,
Rodah