Mtani Aliyelala Penye Altare

Kwako Mshauri wetu, salamu nyingi. Ama baada ya salamu, naomba unisaidie, maana mimi ni katekista niliyeletwa Mkunya kutoka Bagamoyo, na hapa juu nimepapenda, hata tetemeko lilipoliangusha kanisa letu mwezi wa saba hatukupoteza mtu, tukamshukuru Mungu, tukaanza upya huku tunaimba, Padre akaniachia kazi na kuta zimefika kifuani, ila maji ya kukandia udongo yako bondeni, kwenda na kurudi ni nusu siku, na waliokuwa wakitupandishia ni watu wa Bwanali, Myao, Mwislamu, jirani mwema nilivyodhani.

Basi Jumamosi iliyopita akaja na watu wake na mitungi yao, wakaitua, yeye akaenda kujinyoosha chali palepale itakapokaa altare, akajifunika mkeka, akapiga ukelele, "Mamaa! Kanisa la Wamakonde limekufa! Nimekuja kuzika, na sitoki mpaka nipewe kuku wangu!" na Wakristo wangu wakacheka mpaka wakashika mbavu, mimi damu ikanichemka, nikamvuta mguu, nikamwita mshenzi mbele ya watu wake, nikamfukuza. Akaondoka na watu wake. Tangu hapo hatujaona hata mtungi mmoja, udongo umekauka, mvua ziko karibu nazo zitazibomoa kuta zisizokandikwa. Mama Vitalis, kiongozi wa akina mama, ananiambia, "Mwalimu, umetuvunjia utani wetu," nami namuuliza, utani gani wa kuchezea msiba wa nyumba ya Mungu? Nimeshaandika barua kwa akida wa Wajerumani, Bwanali apigwe viboko hamsa ishirini ashike adabu, iko hapa mezani inangoja mtu wa kuipeleka. Je, niipeleke?

Cyril, Mkunya

Mwalimu Cyril,

Pole kwa tetemeko, na hongera kwa kuta. Sasa kaa chini nikuseme.

Umekula muhogo wa Wamakonde siku zote hizo, hukuuliza Myao ni nani kwao? Ni mtani! Msiba ukiingia, mtani ndiye anayelala njiani, anayedai kuku, anayewachekesha wafiwa wapate nguvu ya kula. Bwanali hakulidharau kanisa lenu. Alilihesabu kuwa maiti wa watani wake, akaja kulilia kama ilivyo haki yake, Mwislamu mzima! Nawe ukamvuta mguu. Loo, aibu gani hii! Na mshenzi ni yupi, anayepandisha maji mlima wote huo, au anayemtukana?

Kesho asubuhi shuka bondeni kwa miguu yako, na Mama Vitalis atangulie, yeye anajua pa kuanzia. Chukua jogoo mnono, si kifaranga. Sema, "Shikamoo Mzee Bwanali, nimekosa." Atakusema mbele ya watu na watu watakucheka. Cheka nao! Ukishindwa kucheka, funga mizigo urudi kwenu Bagamoyo. Akidai jogoo wa pili, mpe. Akipanda akalala tena palepale, mwache alale, Padre mwenyewe atamruka.

Barua hiyo ichome leo, wala usijisifu kwa Bwanali kwamba hukuipeleka. Miaka mitatu tu tangu vita vya Maji Maji, nawe unamwombea jirani viboko? Akida hana utani na mtu. Kuta mtazijenga hata kwa kubeba maji wenyewe. Lakini mtu wa kuililia nyumba yenu ikianguka, mtamtoa wapi?