Maua ya Mgeni Asiyeshuka

Mjukuu wangu Mwavita,

Pokea salamu za nyumba nzima hapa Mikelenge. Tuko wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini nafagia hata njia iliyo nje ya kiwanja changu. Sielewi vizuri mimi mwenyewe. Wakati wa Zaire, nikiwa mwanafunzi, tuliambiwa mukubwa fulani anakuja kutoka Kinshasa. Mji mzima tukafanya salongo, ile kazi ya pamoja: tukafyeka majani, tukapaka mawe ya barabarani chokaa. Mimi nilichaguliwa kumpa maua. Ndege yake ikazunguka juu ya mji wetu huu wa Kindu, kisha ikaenda zake bila kutua.

"Imbeni," mwalimu akasema.

"Tumwimbie nani, Madamu?" tukauliza.

Mama yangu akapaza sauti katikati ya wanawake wenye mafagio: "Na siye tuliofagia, hatuna masikio?"

Watu wakacheka, tukaimba. Maua sikujua nimpe nani, nikampa mama. Akayapokea kwa mikono miwili, kisha akauliza: "Sasa kesho nani atafagia?"

Kesho yake nilishika fagio, nisijue ni kwa ajili ya nani. Mpaka leo sijui. Ila ukija likizo, utaikuta njia safi.

Bibi yako