Mtoto Anayelia Kwenye Simu

Wewe mtoto wewe, ulipotelea wapi? Ulikuwa unaniandikia kila ukigombana na mchumba, ukaolewa ukanitupa kama ufagio uliochakaa, mpaka lilipokukaba koo ndipo ukanikumbuka. Barua yako nimesomewa mara mbili, na mara ya pili nikaomba mlango ufungwe, na nje jua linawaka. Wasomaji wa safu hii ya Bibi, msikieni kwanza yeye.

*

Bibi yangu mpendwa, nisaidie, maana siku hizi simu yangu mwenyewe naiogopa. Mimi ni mtafiti, tunafuatilia wajawazito wenye presha, na wakishajifungua tunawapigia simu kuuliza watoto wanaendeleaje, ndivyo nilivyompigia mama mmoja, mshonaji, akaniambia mtoto hajambo, analala vizuri, nami nikashukuru nikaendelea na kazi, kumbe, Bibi, mtoto yule alifariki wodini kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, habari hazikutufikia, mimi nilikuja kuambiwa na muuguzi aliyemfunika shuka. Nikasema nitampigia nimpe pole, nikapiga mchana kweupe, akapokea akaninong'oneza, "Sema polepole, dada, ndiyo kwanza amelala," na mimi, sijui ni shetani gani, badala ya pole nikauliza, "Ananyonya?" na hapo hapo nyuma yake nikasikia kichanga kinalia. Nilikisikia, Bibi, si redio, si paka, kilio cha kichanga ndiyo kazi yangu. Tangu hapo nampigia kila wiki, siwezi kuacha, nauliza yale yale na yeye ananijibu, ameanza kucheka, ameanza kushika vitu, anakua sawasawa na wenzake walio hai, na juzi akaniambia, "Amezoea sauti yako, ukinyamaza tu analia," nikanyamaza, akalia. Sasa anataka niende kwake. "Njoo umpime, dada. Wewe peke yako ndiye unayemuulizia." Mume wake yuko safarini, kazini kwangu sijasema neno, na mume wangu anasema nibadilishe namba ya simu tu, yaishe. Niende au nisiende? Naogopa nisimkute mtoto, na zaidi ya hapo naogopa nimkute.

Mtafiti mwenye hofu

*

Mjukuu wangu, kaa kitako. Pole. Umelisikia? Ni neno jepesi, halivunji taya, na yule mwanamke hujampa mpaka leo.

Sitakuambia ulisikia vibaya. Sikuwepo, na masikio ni yako. Yanayolia ndani ya nyumba za watu mimi siyajui yote. Ila aliyezikwa hahitaji kupimwa, na aliye hai ana mama. Kama mle ndani kuna kichanga, huenda ni cha jirani, anamshikia tu, au huenda kuna mama mahali anakitafuta huku amejishika kichwa. Kama hamna, basi kuna mwanamke peke yake na maziwa yake, anaongea na ukuta, na wewe kila wiki unaugonga huo ukuta kutoka upande wa pili. Vyovyote iwavyo kuna mtu wa kuokolewa, na si wewe.

Hofu yako naielewa, ningekuwa mimi nisingepata usingizi. Lakini maswali yako ndiyo yanayomkuza huyo mtoto. Uliuliza kama ananyonya, akanyonya. Ukauliza kama anacheka, akacheka. Endelea hivyo ataota meno, atasimama dede, na siku moja atapokea simu mwenyewe. Utamwambia nini?

Basi usimpigie tena. Leo hii, kabla hujala, mwambie mkubwa wako wa kazi yote, hata yanayokuaibisha. Akigomba, agombe. Mtafuteni daktari wa akili awe tayari kumpokea mama huyo. Nimesema kumpokea, sikusema kumfunga. Kesho nenda, ukiongozana na yule muuguzi. Mumeo mwambie Bibi amesema namba ibaki, abadilishe yeye kichwa.

Mkifika, usianze kuchungulia vyumba kama polisi. Mtazame mama usoni useme, "Najua mwanao alifariki. Nilijua, nikaendelea kukuuliza. Pole, dada." Akikufukuza, toka ukae nje mlangoni, usiondoke. Akicheka, usicheke naye. Muuguzi ndiye aangalie ndani, na akikuta kichanga, asitoke bila kujua ni cha nani.

Na usidhani umemaliza. Wiki ijayo urudi, peke yako, uingie, ukae. Muulize alimpa mtoto jina gani, maana kwenye kazi yenu aliitwa "mtoto wa fulani" mpaka akafa. Akilitaja, litaje na wewe, kwa sauti, humo humo ndani.