Gari Lina Homa

Nyumbani,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, tarehe 12.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Hujambo? Unakula? Usinijibu "nakula" tu kama unavyojibu kwenye simu, niambie unakula nini na nani anapika. Kile kikohozi chako cha majira ya baridi kimekuacha? Kama hakijakuacha, funga kifua na usilale dirisha wazi. Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Mguu wangu uko vile vile, leo unauma, kesho unasahau. Dada yako mzima, tumbo limeshuka, mkunga anasema ni wakati wowote mwezi huu. Anatembea kama bata na anabisha kama zamani.

Naandika kwa mkono wangu, kwa hiyo usiucheke mwandiko, shule yenyewe unajua niliishia wapi. Binti wa mshonaji anasafiri kesho kuja huko, ndiye nitakayempa barua hii. Ningekupigia, lakini simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la nguo ikafa maji, na baba yako ya kwake anaiweka spika. Nikikohoa tu, mtaa mzima unanipa pole. Na haya ya leo si maneno ya spika.

Ni habari ya gari lako. Usishtuke, halijagonga mtu.

Lilianza mvua zilipokwisha. Si wakati wote. Likisimama, kimya. Likiteremka, kimya. Lakini baba yako akikanyaga mafuta tupande ule mlima wa kwenda kliniki, chini ya miguu yangu panaanza drrrrr, kama mtu anasaga nafaka chini ya sakafu. Akiinua mguu, linanyamaza. Akikanyaga tena, hilo hapo.

Mimi hukaa nyuma na mama mkwe wa dada yako, yule ambaye akiwa hayupo tunamwita Mama Tani, Mungu atusamehe. Dada yako hukaa mbele kwa ajili ya tumbo. Wa mbele hawasikii kitu. Mama Tani naye huwa amelala kabla mlango haujafungwa. Kwa hiyo shahidi nimebaki mimi peke yangu, na unajua sifa yangu hapa nyumbani, mimi niliyewaita watu wa zimamoto kwa sababu jirani anachoma majani. Baba yako akanitazama kwenye kioo akasema, "Mama watoto, gari halitetemeki. Unatetemeka wewe."

Nikamwambia, gari hili lina homa, lipeleke kwa fundi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Akalipeleka kwa Fundi Bado. Unamkumbuka, yule ambaye ukifuata gari lako anakujibu "bado" hata kabla ya salamu. Baba yako akafikisha ujumbe kama ulivyo, "Mama watoto anasema lina homa." Sasa mwanangu, homa yangu mimi ni ile ya meno kugongana na shuka tatu hazitoshi. Homa ya fundi ni joto! Akafungua rejeta, akamwaga maji, akatia mengine, akatoa sijui kidude gani cha kupozea injini akaweka kipya. Gari likarudi limepoa kama mtungi. Tukapanda mlima, drrrrr. Likarudishwa, baba yako akasema bado lina homa, fundi akabadilisha mipira ya maji. Mgonjwa anaumwa jino, sisi tunamkanda tumbo.

Ngoja nichungulie dirishani. Nimesikia kama limewashwa. Siyo, ni la kituo cha mafuta.

Ijumaa nikajifunga nguo yangu ya kutokea nikaenda gereji mwenyewe. Fundi akatoka chini ya lori amejaa grisi mpaka kwenye nyusi.

"Haya mama, gari linafanyaje?"

Safari hii sikutaja homa. Nikamshika mkono nikamtikisa hivi, na bega lake lote likatikisika. Akabaki amenitolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Kumbe kutetemeka! Mzee aliniambia homa."

"Na homa ni nini, mwanangu, kama si kutetemeka?"

"Kwetu homa ni mshale wa joto kupanda, mama. Mbona mmeniua!"

Basi hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Akamwita baba yako, akamwambia akanyage mafuta gari likiwa limesimama, bila gia. Injini ikanguruma, gari likatulia. Fundi akasema, "Si injini." Wakaenda wawili barabarani, wakarudi. Hakuna kitu. Baba yako akanitazama ile yake ya kusema si nilikuambia. Nikaona aibu inanipanda shingoni, nikasema labda kweli ni mimi.

Fundi akauliza, "Siku linapotetemeka, nyuma hukaa nani?"

Nikamtajia. Akaniomba nikamlete Mama Tani. Mwanangu, kumtoa kwenye kochi lake ilikuwa shughuli, na alipofika akaambiwa apande ili gari lipate uzito, aliweka mikono kiunoni.

"Yaani mimi leo nimekuwa gunia la saruji?"

"Hapana mama," fundi akasema, "wewe ndiye mizani. Bila wewe hatujui ukweli."

"Ah. Kama ni ukweli, fungua mlango."

Akapanda, mimi nikapanda, fundi akajibana katikati yetu na kichwa kakiinamisha magotini ili asikilize kwa miguu. Mlimani akawa anampa baba yako amri. "Kanyaga, mzee." Drrrrr. "Achia." Kimya. "Kanyaga." Drrrrr. Mama Tani hakusinzia siku hiyo, alinishika paja mpaka leo pana alama. "Kumbe hiki kitu kipo!" akapiga kelele. "Na mimi nimekipanda siku zote hizo nimelala!" Baba yako akatazama mbele tu. Masikio yake kwa nyuma nayajua, yalikuwa mekundu.

Tuliposhuka fundi akatueleza taratibu. Ingekuwa tairi, lingetetemeka hata ukiachia mafuta. Ingekuwa injini, lingetetemeka hata limesimama. Linalotetemeka likivuta tu, tena likiwa na mzigo nyuma, ugonjwa uko kwenye njia ya nguvu kutoka kwenye giaboksi kwenda magurudumu ya nyuma. Kuna chuma kirefu pale chini kinazunguka, wanakiita propela, na kinashikwa mbele na nyuma na vyuma vidogo kama msalaba, wanaviita krosi. Watu wakikaa nyuma gari linashuka, propela inakaa kwa pembe mbaya, na krosi iliyokwisha inaanza kulalamika. Akaingia chini, akaitikisa propela kwa mkono, nikasikia mwenyewe, kwa, kwa. Akatoka na kidole chenye unga mwekundu. Grisi imekauka siku nyingi, iliyobaki ni kutu. Ni krosi ya mbele.

Nikauliza swali langu la mwoga. Ikikatika?

Fundi hakucheka. Alisema propela inaweza kuanguka upande wa mbele ikachoma barabara kama jembe, na gari liko mwendo. Akasema lisipandwe na mtu. Gari la umri ule krosi yake haipatikani dukani, lazima aitafute kwa wavunja magari, inaweza kuchukua muda. Mpaka ipatikane, propela itolewe, gari lipandishwe juu ya mawe.

Baba yako akasema, "Juu ya mawe? Hapana. Nitakwenda polepole."

Na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwa sababu anakwenda polepole kweli! Amegundua kwamba asipokanyaga halitetemeki, basi hakanyagi. Jana tulipanda mlima ule mwendo wa siafu waliobeba mzigo. Nyuma yetu malori yamejipanga, honi juu ya honi. Dereva mmoja akatoa kichwa, "Mzee, shuka tulisukume, tutawahi!" Baba yako anatabasamu, ananiambia, "Unasikia? Kimya. Limepona." Halijapona, mwanangu. Amelifunika mdomo. Na siku uchungu ukimshika dada yako, je, atakwenda polepole? Binti yake analia mbele hapo, naye ataacha kukanyaga? Atakanyaga mpaka mguu utokeze chini. Naye dada yako, mimi na Mama Tani tuko ndani.

Nimesema tukodi gari la watu siku hiyo. Baba yako akanuna, hakula. Nimemwambia dada yako asipande, akasema, "Mama, hofu zako mtoto anazisikia humu ndani, acha." Amemwamini baba yake, na ameketi mbele ambako hapasikiki. Nimemwambia Mama Tani asipande, yeye amekubali, ila siku ya uchungu anasema lazima atapanda, na sasa gari limepungua uzito, limezidi kunyamaza, baba yako amezidi kuniona mwongo. Mambo gani haya?

Nilikuwa nadhani ni ubishi. Nikamlaumu sana moyoni. Lakini Ijumaa ile nilirudi gereji kuchukua kanga niliyoisahau kwenye kiti, nikawakuta wanaongea hawajaniona. Fundi anamwambia, mzee, mawe si aibu. Baba yako akamjibu, na sauti si yake ile ya siku zote, "Mwenye gari anarudi. Nataka alikute linatembea. Hapa mtaani gari likishawekwa juu ya mawe unajua watu wanavyosema. Wanasema mwenyewe hayupo tena. Siwezi kutoka asubuhi nikaliona hivyo."

Nikaiacha kanga, nikarudi nyumbani.

Kweli mwanangu, yako mawili hapa mtaani kwetu, yameota majani mpaka kwenye viti. La kinyozi na la yule mwalimu wa hesabu. Ni ya watoto wao waliokwenda wakanyamaza. Baba yako anapita pale kila siku anageuza uso.

Kwa hiyo mimi kwake sina neno. Nikisema krosi, yeye anasikia mwanangu harudi. Tunasemezana kama yeye na fundi kwenye ile homa. Wewe ndiye unaweza. Ukishaisoma hii usiikunje uweke kando, usisubiri mwisho wa wiki, Alhamisi ni kliniki tena. Mpigie. Usimwambie nimekuandikia. Ulizia tu, baba, gari langu linaendeleaje? Atakuambia zima kabisa. Mwambie lina umri, halina budi kuumwa, na wewe unataka lipumzike. Mwambie alipandishe juu ya mawe kwa mikono yake, akupigie picha. Ataweka spika, nami nitakuwa jikoni nasikia, sitatia neno, nakuapia.

Akikuuliza unarudi lini, na atakuuliza, usimdanganye siku. Mimi mwenyewe sikuulizi, ingawa unajua. Mwambie hili moja tu, ambalo akilisikia kwako atalala, na mimi nitalala. Mwambie njia ya nyumbani unaijua hata kwa miguu.

Dada yako anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini. Mama Tani anakusalimu sana na anasema yeye ndiye aliyeugundua ugonjwa, mwachie. Fundi Bado anakusalimu, jana kaniambia krosi bado. Mshonaji na mumewe wanakusalimu. Baba yako yuko nje analiosha gari, amelipaka sabuni mpaka chini ya matairi, anapiga mluzi. Hajui nakuandikia, kwa hiyo salamu zake nazitoa mimi, ziko kwenye huo mluzi.

Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, akupe watu wa kukuuliza umekula nini. Na wewe utulinde huku kwa simu moja.

Wako akupendaye kuliko usingizi wake,

Mama yako.